Saa za Kibiti, Si za Dar

Jumatatu, 15 Septemba

Siku kubwa! Naiandika ili baadaye watu wajue mambo yalianzia wapi.

Kiti cha katibu wa Umoja wa Boti kiko wazi. Katibu wa zamani amehamia Mohoro kulima mpunga. Mwenyekiti wetu, Mzee Abdulkarimu, amesema atatangaza jina jipya Jumapili, baada ya harusi ya binti yake Zamda. Mimi ni karani hapa gatini, mwaka wa nne sasa. Nina cheti cha kompyuta, cha wiki mbili, Morogoro. Nani mwingine anafaa? Nikatazama huku na huku. Simwoni.

Halafu nikamwona. Bi Mwanahalima. Anauza tiketi, na kila asubuhi anaandika kwa chaki, kwenye ubao uliopigiliwa ukutani, saa ya boti kuondoka. Hana chombo chochote. Anatazama maji, anakumbuka mwezi ulivyokuwa, anaandika. Na watu wanamwamini! Enzi hizi!

Lazima ubao uondoke. Wafadhili wametuletea kompyuta, na fundi wa Dar, Felix, ameweka humo programu ya kupiga hesabu za maji kujaa na kupwa. Ikishapiga hesabu inatuma ujumbe kwenye simu za abiria wote: boti itaondoka saa fulani. Boti zetu hazitoki ovyo. Zinatoka maji yakiwa nusu na yanapanda, ili yazisindikize vijitoni, katikati ya mikoko. Anayeijua saa hiyo ndiye bwana wa gati.

Felix aliacha karatasi moja ya maelekezo. Inasema: kabla ya kuwasha programu, fungua dirisha jeusi la kuandikia amri, weka kigeu cha mazingira kiitwacho TZ, kompyuta ijue ipo wapi duniani.

Nimeisoma mara tatu. Kigeu cha mazingira. Gati limezungukwa na mikoko, na mikoko inalindwa. Haigusiki bila kibali. Ni vizuri nimeliwahi hili mapema. Mwanahalima asingeliona.

Jumanne, 16 Septemba

Bodaboda hadi Kibiti. Vumbi hadi kwenye meno. Nikaelekezwa kwa afisa wa mazingira, dada mmoja mpole anaitwa Marsela. Nikamweleza kwamba naomba kibali cha kuweka kigeu cha mazingira gatini. Akauliza ni miti mingapi. Nikasema ni kimoja tu, jina lake TZ. Akauliza ni cha asili au cha kuletwa. Nikasema kimetoka Dar. Akanipa fomu ya miche. Nikaijaza yote.

Nikiwa bado Kibiti, penye mtandao mzuri, nikampigia Felix kumwarifu kwamba kibali kinashughulikiwa. Alicheka hadi nikadhani simu imeharibika. Akasema mazingira hayo ni ya kompyuta yenyewe. Ni kama kikaratasi unachokibandika ukutani ndani ya chumba: kila programu inayoamka ndani ya chumba hicho inakisoma. Kigeu ni jina na thamani yake, basi. Miti haihusiki.

Nikamwambia nilikuwa nampima tu.

Lakini kuna jambo la pili. Amri yenyewe kwenye karatasi ni hii: export TZ=Africa/Dar_es_Salaam. Export! Kusafirisha nje ya nchi! Kaa wa hapa kwetu wanasafirishwa nje, na kila kreti ina hati zake. Felix akavuta pumzi. Akasema hapo maana yake ni kukiachia kikaratasi, programu nazo zikione. Bila hivyo kinabaki cha dirisha peke yake. Akaniomba niiandike amri kama ilivyo, herufi kwa herufi, nisiongeze kitu.

Nimekubali kwa mdomo. Moyoni nina swali. Kwa nini Dar es Salaam? Hatupo Dar. Kibiti ni wilaya kamili, ina ofisi zake na stendi yake. Mtu wa Dar akija hapa anatuandikia jina la kwao hadi ndani ya kompyuta, nasi tunyamaze? Mzee Abdulkarimu akiona neno Kibiti kwenye kioo, ukatibu umekwisha kuwa wangu.

Jumatano, 17 Septemba

Asubuhi nikaandika kwa nafasi, kwa heshima, kama tulivyofundishwa kuandika barua: TZ, nafasi, alama ya sawasawa, nafasi, Africa/Kibiti. Kompyuta ikajibu kwamba amri ya TZ haijulikani. Nikaandika tena polepole. Haijulikani. Nikaandika kwa herufi ndogo, nikidhani imekasirika. Haijulikani.

Saa tano nikagundua. Haitaki nafasi kuzunguka alama ya sawasawa! Vyote vibanane. Nikavibananisha, nikatanguliza export. Ikapokea bila kunung'unika. Nikaandika echo $TZ, yaani nitajie TZ ni nini, ikanijibu: Africa/Kibiti. Nilisimama! Nikalifunga dirisha vizuri, nikaenda kula wali na samaki nikiwa mtu mwingine.

Narudi, nafungua dirisha jeusi, echo $TZ. Hakuna. Patupu! Kibiti imefutwa.

Ofisini alikuwamo mmoja tu: Mwanahalima, anafagia.

Nikaweka upya, nikafunga dirisha, nikanyunyiza unga wa sembe juu ya vitufe. Vidole vyake vitaonekana. Nikatoka, nikahesabu pikipiki ishirini, nikarudi. Unga uko vilevile, hata alama ya nzi hakuna. Nafungua, echo $TZ. Patupu!

Ana njia nyingine. Sijui ni ipi.

Jioni nikamweleza Felix, bila kumtaja mtu. Akasema hakuna aliyefuta. Dirisha likifungwa linakufa na vikaratasi vyake. Kila dirisha jipya linazaliwa likiwa halijui ya mwenzake. Ukitaka kidumu, akasema, kiandike kwenye faili lililofichwa, jina lake linaanza na nukta. Dirisha kila linapofunguka linalisoma. Akanitajia: .bashrc. Faili la siri. Kwa nini hakunitajia tangu mwanzo? Huyu naye ana mpango wake.

Kitufe cha nafasi kinakwamakwama kwa unga.

Alhamisi, 18 Septemba

Mambo mawili makubwa leo.

La kwanza. Saa nne asubuhi, kwa saa ya ukutani, nikaweka Africa/Kibiti na kuiuliza kompyuta ni saa ngapi. Ikasema 07:00. Yaani saa moja. Iko nyuma saa tatu. Nikafikiri labda Kibiti ni dogo mno, huko duniani hawajalisikia. Basi nikapandisha ngazi: export TZ=Tanzania. Nikauliza saa. Ikaandika saa, na mbele yake neno zima: Tanzania! Nikamwita Mzee Abdulkarimu. Akavaa miwani, akasoma, akafurahi. Kisha akatazama saa yake ya mkononi, akauliza mbona Tanzania hiyo bado iko saa moja. Nikasema inaamka polepole. Akaondoka akitikisa kichwa.

Inajiita Tanzania na inatudanganya saa tatu. Nimechanganyikiwa kabisa. Kama hailijui jina, si iseme? Jana, nilipoweka nafasi, ilikataa kwa sauti. Hii imekubali kimyakimya, na kuweka uongo.

La pili. Nikatafuta kwenye simu. Nikaona kumbe inaruhusiwa kuandika herufi za majira, halafu idadi ya saa. Majira yetu, ya Afrika Mashariki, ni EAT, na tuko mbele ya saa ya dunia kwa saa tatu. Mbele ni kujumlisha, hata mtoto wa darasa la pili anajua. Nikaandika export TZ=EAT+3.

Nikauliza saa. Ukutani ilikuwa saa tano kamili. Kompyuta ikasema 05:00.

Tano! Siyo kumi na moja kama simu za Kizungu zinavyoandika. Tano, kama watu wanavyosema! Imejifunza Kiswahili! Nikangoja hadi saa sita. 06:00. Nilitaka kulia. Felix na elimu yake yote hakulijua hili.

Nimeandika EAT+3 kwenye faili la siri. Nimefunga dirisha, nimefungua. Ipo. Nimeifunga kompyuta yote, nimeiwasha. Ipo! Hakuna awezaye kuifuta tena.

Ijumaa, 19 Septemba

Ushindi.

Kesho boti kubwa inabeba harusi ya Zamda. Bibi yake yuko kisiwani, ng'ambo ya mikoko, hawezi tena kusafiri, kwa hiyo harusi nzima inamfuata yeye. Nikawasha programu. Ikapiga hesabu, ikatuma ujumbe kwa watu wote: Jumamosi, boti itaondoka saa moja asubuhi.

Mwanahalima alikuwa ameshaandika ubaoni: saa saba mchana.

Akaja ofisini na simu yake mkononi. Mzee Abdulkarimu alikuwapo. Akamwamkia, kisha akasema bila kunitazama:

"Mzee, mwezi umekwisha, hili ni bamvua, maji makubwa. Bamvua maji yanajaa saa kumi, alasiri na alfajiri. Hiyo saa moja asubuhi yanakuwa nusu, ni kweli, lakini yanapwa. Boti itakaa matopeni."

Nikageuza kompyuta kwa Mzee. Nikamwomba atazame saa yake ya mkononi. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi. Kioo kikasema 03:10. Nikamwuliza Mwanahalima kama ubao wake unaweza hivyo.

Mzee alilinganisha saa yake na kioo. Akasema kama mashine inajua hadi dakika, basi maji nayo itakuwa inayajua. Akampigia shehe, akamwomba awahi: ndoa ifungwe baada ya Adhuhuri badala ya Alasiri. Shehe akakubali. Nikamwomba Mzee pia ruhusa ya kuubandua ubao. Akasema fanya. Nimeubandua kwa mikono yangu. Sasa ni meza ya kompyuta, nzuri sana.

Mwanahalima alifuta chaki mikononi kwa kanga. Akaniambia, "Haya, Bwana Wilbrod. Mungu awafikishe." Akatoka nje na kupiga simu mahali. Analia kwa ndugu zake, nadhani.

Jumamosi, 20 Septemba

Naandika nikiwa nimekaa juu ya gunia. Nimebaki na kiatu kimoja.

Saa moja kamili abiria wote wako gatini. Sufuria tatu za pilau, magodoro, spika mbili, kinamama wenye matari. Zamda ndani ya baibui jipya, hina hadi viwikoni. Maji nusu, kama nilivyosema! Nikamwonyesha kila mtu.

Nahodha, Swalehe, alisimama omo, mbele ya boti, akitazama povu. Akasema maji yanapwa. Nikasema yanajaa. Akatupa ganda la nazi, likaelekea baharini. Nikasema ni upepo.

"Bwana Wilbrod, miaka ishirini na sita mimi naiendesha boti hii."

"Na umetuma ujumbe mara ngapi?"

Swalehe akamgeukia Mzee Abdulkarimu. Mzee akatazama saa, akanitazama mimi, akasema, "Tuondoke."

Tukaondoka kwa vigelegele.

Dakika arobaini baadaye, ndani ya kijito, vigelegele vikakatika. Boti ilijikwaa, ikasogea, ikajikwaa tena, ikalala ubavu kidogo kama ng'ombe anayetafuta kivuli. Swalehe akazima mashine. Akakaa chini. Akatoa kiko. Huyu mtu hata hakukasirika, na hilo liliniumiza zaidi.

Nikawaambia watu wasihofu, maji yako njiani. Wakati huo yalikuwa yanatuacha kwa mwendo wa mtu mwenye miadi. Saa mbili, mizizi ya mikoko wazi. Saa tatu, matope pande zote, na kaa wametoka mashimoni kututazama. Nikashuka kusukuma ili watu waone juhudi. Nilizama hadi mapajani. Wakanivuta kwa pondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti. Kiatu kimebaki huko.

Jua likapanda. Kinamama wakafunika pilau kwa majani, kisha wakaifunua wakagawa sufuria moja, kwa kuwa kulikuwa na watoto. Mimi sikupewa. Mzee Abdulkarimu hakula. Alishika saa yake mkononi kama tasbihi. Saa nne, saa ambayo kwa hesabu yangu maji yangekuwa yamejaa pomoni, palikuwa hapana hata ya kunawia.

Zamda aliniita. Nilidhani atanitukana, nikajiandaa. Alisema kwa sauti ndogo:

"Kaka Wilbrod, Mwinjuma amenisubiri miaka mitatu. Shehe anaondoka baada ya Adhuhuri, ana ndoa nyingine kijiji cha pili. Sasa niambie, tutafika?"

Nikafungua mdomo. Nikataka kumwambia kuhusu EAT, kuhusu faili la siri.

Nikasema sijui, dada. Ni mara ya kwanza wiki hii nimesema neno hilo, na sikulipenda.

Akageuka upande wa pili, na kinamama wakamzunguka, na mmoja akaanza kupiga tari polepole, bila wimbo.

Saa saba mchana, bila mtu kusukuma, boti iliinuka yenyewe. Kwanza ubavu, kisha tezi, yaani nyuma. Swalehe akawasha mashine. Mzee Abdulkarimu akatazama saa yake, akasema, "Saa saba." Basi.

Tukafika saa tisa. Shehe alikuwa amekaa barazani kwa bibi anakunywa kahawa! Kumbe jana Mwanahalima alimpigia simu bibi, akamwambia mabadiliko yale ayapuuze, boti itafika kabla ya Alasiri na si mapema. Bibi akamzuia shehe, na wale wa kijiji cha pili ndio waliosogezwa hadi jioni. Ndoa ikafungwa Alasiri, kama ilivyopangwa tangu mwanzo. Zamda akalia, Mwinjuma akalia, bibi akacheza akiwa amekaa.

Nikampongeza Mzee. Nikamwambia kwamba hatimaye tumefika kwa wakati. Akaniomba nikakae na mizigo. Ndipo nilipo.

Jumapili, 21 Septemba

Mkutano. Ulichukua muda mfupi kuliko sala ya kufungulia.

Katibu: Mwanahalima. Watu wote mikono juu. Swalehe miwili.

Alipokaa tu akaomba apigiwe Felix. Akaweka simu kwenye spika, akakaa mbele ya kompyuta, akafungua faili la siri, akafuta mstari wangu, akaandika Africa/Dar_es_Salaam kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi. Dakika mbili. Programu ikasema boti ya kesho itoke saa nane mchana. Mwanahalima akachungulia dirishani, akatazama maji, akasema, "Hapo sawa." Kisha akaagiza ubao wake urudishwe ukutani, na kuanzia leo ujumbe hautoki kabla yeye hajachungulia.

Felix akaeleza, wote wakisikia, kwamba kwenye mtindo ule wa EAT, alama ya kujumlisha maana yake ni kurudi nyuma. Kwamba sisi tulio mbele tungeandika kutoa. Kwamba niliirudisha kompyuta nyuma saa sita kamili, ndiyo maana ilifanana na saa za Kiswahili, na saa sita ndiyo tofauti ya maji kujaa na kupwa.

Kujumlisha ni kurudi nyuma! Kutoa ni kwenda mbele! Na mimi ndiye nimekosea!

Nimeuliza swali moja tu: kompyuta ilisema saa tano ilipokuwa saa tano, ndiyo au siyo? Hakuna aliyenijibu. Kimya chao nimekichukua kuwa ndiyo.

Mwanahalima alikuwa na moyo wa kunibakiza karani. Akasema mwandiko wangu ni mzuri. Sharti moja: nisikiguse tena kigeu cha TZ. Nimeapa mbele ya mkutano mzima. Na nitatimiza.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimewahi kazini. TZ sijaigusa, sijaitazama hata.

Lakini kumbe ipo amri ya env, na ukiiandika, kompyuta inaorodhesha vigeu vyake vyote. Vipo kibao! Nimepitia kimoja kimoja. Na humo nimekuta kitu ambacho Felix, Mwanahalima na Swalehe, wote watatu, hawakukiona.

Kinaitwa PATH. Yaani njia. Simu inasema kompyuta huipitia kutafuta amri na programu zake, lakini njia ni njia.

Nikasoma hiyo njia. Mikwaju, nukta mbili, bin, usr, bin tena. Hakuna jina la kijito hata kimoja! Hakuna kisiwa, hakuna gati, hakuna Rufiji. Na watu wanashangaa boti ilikwama! Saa haikuwa na kosa. Njia ndiyo haikuwamo.

Sikumsumbua mtu. Nikafuta yale ya zamani yote. Nikaandika njia yenyewe: Gatini, kijito cha kwanza, kata kushoto kwenye mkoko uliopinda, Kisiwani. Vyote vimebanana, bila nafasi hata moja, maana makosa ya zamani mimi sirudii. Nikaanza na export. Nikaandika pia kwenye faili la siri, ili idumu.

Sasa nimeiuliza saa. Inasema amri hiyo haijulikani. Nimeiomba iorodheshe mafaili. Haijulikani. Nimejaribu amri nyingine mbili tatu, hata ile env ya asubuhi. Haijulikani, haijulikani, haijulikani. Bi Katibu ameingia, ameketi, anauliza mbona programu ya maji haifunguki na abiria wanapiga simu.

Nimemwambia awe na subira kidogo. Kompyuta inaizoea njia.